Chumvi iliyomwagikia mchangani

Nafundisha sayansi, na zoezi hili la kutenganisha vitu vilivyochanganyika nalipenda kuliko yote. Kabla hujashika chombo, jiulize vitu vilivyochanganyika vinatofautiana wapi. Chumvi huyeyuka majini, mchanga hauyeyuki. Basi hapo ndipo pa kuanzia.

Mimina maji ya moto, koroga vizuri. Mililita 100 za maji hubeba takriban gramu 36 za chumvi, kwa hiyo usibane maji, wala usiyazidishe, maana yote utayachemsha baadaye. Acha mchanga utuame, kisha mimina maji ya juu polepole kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili. Suuza mchanga uliobaki kwa maji kidogo, uyachuje na kuyachanganya na yale ya kwanza. Wengi huruka hatua hii na chumvi nyingi hupotelea hapo.

Sasa chemsha kwa moto mdogo. Utaona utepe mweupe ukijijenga pembeni mwa sufuria. Chumvi ikianza kurukaruka, zima moto, jua limalizie. Ukiwa na subira, tumia jua tangu mwanzo: punje zitakuwa kubwa, zenye umbo la mchemraba kama dadu.

Misumari ikiingia mchangani, tumia sumaku, lakini ifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki. Ukiitoa mfukoni, misumari huanguka yenyewe.

Mafuta na maji? Mimina kwenye mfuko, subiri mafuta yaelee, kata ncha ya kona ya chini. Maji hutangulia kutoka. Mafuta yakikaribia tundu, bana.