Nyumba imekataa kutoka mkononi mwako? Namna ya kuikabidhi kwa dalali

Assalaam alaykum wanajamvi.

Wengi wetu huku Unguja tunaanza hivi: rangi nyekundu ukutani, NYUMBA HII INAUZWA, namba ya simu chini yake, na habari tunaipeleka barazani. Miezi inapita, wanaopiga ni wale wale, kila mmoja anataka bei ya mwisho na choo hajakiona. Ndipo mtu anamwita dalali. Lakini nyumba uliyokwisha kuizungusha mwenyewe ina mabaki yake, na usipoyasafisha yatakuletea ugomvi.

Kwanza, funga biashara yako. Paka chokaa juu ya yale maandishi. Kisha kaa na simu yako, andika wote waliokuja kuitazama nyumba na bei waliyotaja. Orodha hiyo mpe dalali siku ya mwanzo, muandikiane kabisa: hawa ni wangu, akinunua mmoja wao huna udalali, au una nusu. Msipoandikiana, mteja alikuja kwako Ramadhani, kapita kwa dalali Mfungo Tatu, basi kila mmoja anasema "wangu huyu".

Pili, karatasi. Dalali mzuri atakuuliza hati kabla ya bei. Asiyeuliza mtilie shaka. Tangu Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni ya Serikali, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992 inakupa haki ya kuitumia. Kuihamishia haki hiyo kwa mtu mwengine kunapita Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, dalali awe hodari vipi. Mpe nakala tu, hati yenyewe ibaki kabatini.

Tatu, malipo ya dalali. Hapa ndipo watu wanapoumia. Kuna kupatana asilimia ya bei, na kuna ile tamu ya "wewe sema unataka ngapi mkononi, kinachozidi changu". Hicho ndicho cha juu. Tuseme umetaka milioni 80. Dalali anaitangaza kwa 100. Anakuja mtu na 88 taslimu, dalali anamfukuza maana kwake ni nane tu, na wewe husikii kitu. Halafu anampa dalali mwenzake wa Darajani, naye anaweka chake, nyumba inafika 110. Hata ikiuzika, siku ya kutia saini mnunuzi aliyetoa 110 anakuta hati ya mauziano inasema 80. Mwenye akili zake ataondoka, na aibu yote utaibeba wewe mwenye nyumba. Mie nasema asilimia, na bei ya kutangaza muipange pamoja.

Nne, dalali mmoja na muda maalumu. Miezi mitatu inatosha kumpima. Ukiwapa wanane, picha ile ile ya ukumbi wako itazunguka WhatsApp kwa bei nane, na wanunuzi wataanza kuuliza nyumba hiyo ina nini.

Tano, pesa. Arbuni, yaani pesa ya kutanguliza, na malipo yote yaingie akaunti yako, kwa risiti. Udalali unatoka baada ya hapo, mbele ya mashahidi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Fuoni:* Kaka, dalali anataka nimpe pesa ya petroli kila akileta mteja. Nimpe?

Hapana dada. Petroli yake imo ndani ya udalali. Ukianza kulipa ziara, utaletewa watazamaji kila Jumapili.

*Wete:* Nyumba ni ya marehemu baba, tuko sita, mmoja yuko Maskati. Dalali anasema tuuze, mirathi tutagawa pesa.

Pole na msiba, ndugu yangu. Mirathi ifunguliwe kwanza, warithi wajulikane kwa haki zao. Huyo wa Maskati akiridhia, ampe mmoja wenu uwakala wa maandishi. Msipokee arbuni hata shilingi kabla ya hapo, kwani mrithi mmoja akigoma mtazirudisha, na mmeshazila.

*Paje:* Dalali kaniletea Mtaliano, anataka kununua nyumba na kiwanja.

Mgeni hapewi haki ya kumiliki ardhi huku kwetu. Njia yake ni ukodishaji wa Serikali kwa uwekezaji. Akishauriwa aandikishe kwa jina la mwenyeji, jitoe mapema, bwana. Kesi hizo hazina mwisho mzuri.

*Chake Chake:* Nimeshampa dalali miezi mitatu, jana binamu yangu kasema anaitaka yeye. Namlipa dalali?

Tazama mlichoandikiana. Kama jina la binamu limo kwenye ile orodha, hudaiwi. Kama halimo na muda haujaisha, mwite dalali mzungumze kabla binamu hajatoa pesa, mpatane kiasi cha usumbufu. Kumficha ni kazi bure: Chake mji mdogo, atajua kabla ya Ijumaa.