Kilo za Maskati: jinsi ya kujipanga msimu ambao mzigo wa ziada haupokelewi

Kila mwezi wa sita, shule za Maskati zikifungwa, sisi wenye kwetu Unguja na Pemba tunafunga mabegi kwa pamoja. Mwaka 2018 nilifika kaunta ya uwanja wa ndege na begi langu la kilo 23 zilizomo kwenye tiketi na boksi la vyombo vya harusi ya mdogo wangu. Pesa za kulipia kilo za ziada nilikuwa nazo mkononi. Kijana wa kaunta akaniambia, “Mama, leo hata ukilipa hatupokei.” Nilimgombeza mbele za watu. Boksi likarudi nyumbani kwenye gari la shemeji yangu, na harusi ikapita bila vyombo vile.

Baadaye jirani yangu anayepanga mizigo ya ndege alinikalisha na kalamu na karatasi. Tangu siku ile sijaacha kitu uwanjani, na ndiyo maana nayaandika haya.

Safari ya zaidi ya saa tano kama yetu mara nyingi huendwa na ndege yenye njia moja katikati ya viti, mfano Boeing 737-800. Ndege hiyo hairuhusiwi kuruka na uzito unaozidi tani 79 hivi, na humo mna ndege yenyewe, mafuta, watu na mabegi. Sasa piga hesabu: abiria 160, kila mmoja akiongeza begi moja la kilo 23, ni kilo 3,680. Kwa saa moja ndege hiyo huchoma kama tani mbili na nusu za mafuta. Mabegi yetu ya ziada, basi, yangekula uzito wa mafuta ya zaidi ya saa nzima, na mafuta hayaguswi: rubani lazima awe na ya kumfikisha Unguja, na mengine ya kumpeleka kiwanja kingine ikiwa Unguja hapatuliki.

Siku za kawaida viti kadhaa huwa vitupu, na wapo wanaosafiri na mkoba tu. Kilo tunazouziwa zinatoka hapo. Msimu ukifika kila kiti kina mtu, na kila mtu kajaza kilo zake hadi ya mwisho, kwa hiyo hakuna cha kuuza. Ongeza joto la Maskati. Hewa ya nyuzi 40 ni nyepesi kwa karibu asilimia 8 kuliko ya nyuzi 15. Bawa linapata kidogo cha kuliinua, injini nayo inasukuma pungufu. Ndege ileile, njia ileile, Juni inaweza kubeba pungufu ya Januari.

Tena kuna nafasi. Tumbo la ndege ya aina hii hupangwa kwa mikono, begi juu ya begi, na boksi lenye kona halibanwi popote. Ndiyo maana maboksi hukataliwa mwanzo. Wakilipokea lako, begi la mwenzio aliyelilipia ndani ya tiketi ndilo litakaloachwa chini.

Kwa hiyo unapokata tiketi, usianze kuuliza bei ya kilo. Uliza: “Tarehe hizi mnapokea mzigo wa ziada, au mmefunga? Na maboksi je?” Kama wanapokea, nunua siku hiyohiyo na uombe uthibitisho wa maandishi. Uliza pia kuhusu kila ndege utakayobadilisha, maana iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayoamua. Mimi kwetu ni Chake Chake, na ndege ndogo za kwenda Pemba mara nyingi hukubali kilo 15 tu, tena begi laini. Nikiwa na mzigo, napanda boti kutoka Unguja.

Vitu vizito visivyooza vitangulie. Masufuria, mablanketi, mashine ya kusagia, vyote mpe wakala wa kontena la meli la kuchangia, na usimpe wiki mbili kabla. Mimi natoa mwezi wa tatu. Andika orodha ya kila kilichomo, piga picha boksi likiwa wazi, na jina la mpokeaji liandikwe pande zote kwa wino usiofutika.

Begi lenyewe lipime likiwa tupu. Sanduku gumu la magurudumu linaweza kula kilo tano katika 23 zako, na hizo ni kanzu na madira ya familia nzima. Nunua mizani ya kuning'iniza, na uishie kilo 22, kwa sababu mizani ya nyumbani na ya kaunta hazisomi sawasawa. Wala usidhani kwamba kilo za watu wawili zinaingia begi moja: kilo 32 ndio mwisho wa begi moja karibu kila mahali, kwani kuna kijana anayelinyanyua kwa mgongo wake.

Dawa, pasipoti, dhahabu na nguo za siku mbili weka kwenye mkoba wa mkononi. Pawabenki pia, kwani hairuhusiwi kwenda tumboni. Msimu huu hata begi halali huweza kubaki na kuja na ndege ya kesho, na mama yangu wa presha hawezi kungoja vidonge vyake mpaka kesho.

Likibaki, usitoke uwanjani. Nenda kaunta ya mizigo na ile karatasi yenye namba waliyokubandikia, ujaze fomu, uondoke na nakala. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa abiria na mizigo ya ndege, begi lililoharibika unalalamikia kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee. Lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu likabidhiwe kwako. Risiti za ulichonunua wakati ukingoja, hata za mswaki na kanga, ziweke pamoja na ile nakala.