Mawazo yakikukaba usiku na una mimba, jaribu hivi

Mimba yangu ya kwanza nilikua naamka saa nane usiku karibu kila siku, feni inazunguka, mwenzangu amelala fofofo, mi nimekodoa macho tu. Mtoto yuko salama kweli? Hela itatosha? Nikizalishwa kwa kisu je? Siku nikajaribu kusema nikaambiwa acha kudeka, mimba sio ugonjwa. Basi nikanyamaza nayo miezi, na sitaki wewe mama kijacho unyamaze hivyo.

Kwanza ujue haupo peke yako. Shirika la Afya Duniani linasema karibu wajawazito 10 katika kila 100 wanapata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na baada ya kujifungua wanafika kama 13. Kwahiyo kwenye lile benchi la kliniki mlilokaa mmebanana na kadi mkononi, kuna mwenzako naye hajalala.

Usiku ukiamka fanya hivi. Lala kwa ubavu, hasa ukishafika wiki ya 28 usilale chali, weka mto katikati ya magoti na mwingine chini ya tumbo, kama hauna mito mingi kunja khanga mbili tatu zinatosha kabisa. Mkono mmoja uweke tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne, afu itoe kwa mdomo taratibu mpaka sita, kama unapuliza chai ya moto hutaki imwagike. Usiibane. Ile kutoa pole pole ndo inayotuliza mapigo ya moyo. Dakika tano tu, na ukisikia kizunguzungu acha upumue kawaida.

Mawazo yatakuja, usigombane nayo. Mimi siku za mwanzo nilikua sifiki hata tatu, nishahamia kwenye bei ya beseni na pamba. Ukishtuka umetoka, jiambie "hili ni wazo la hela" afu rudi mkononi, kwenye joto la tumbo lako, hata kama ni mara hamsini we rudi tu. Kuanzia kama wiki ya 20 hivi, wengine mapema wengine wanachelewa kidogo, utaanza kumsikia mtoto, mwanzoni ni kama samaki kajigeuza ndani ya ndoo. Akicheza acha kuhesabu, msikilize yeye. Ila ukishamzoea uchezaji wake afu ukaona umepungua, hapo sio pa kukaa unapumua, nenda hospitali muda huohuo, hata kama ni usiku.

Kuna hofu nyingine pumzi haiziwezi kwasababu zinataka mpango. Asubuhi chukua daftari uandike: bajaji ya nani itanipeleka usiku wa manane na namba yake, nani atabaki na watoto, nani atanisindikiza, vitu gani bado sijanunua. Kaa na baba mtoto mpitie pamoja, asikuachie wewe peke yako. Mi nilipopata namba ya kijana wa bajaji wa mtaani kwetu usiku ule nililala mpaka adhana, sikuamini.

Na wale wanaokuja kukusimulia nani alitokwa damu, nani alifia leba, wakatize kwa upole kabisa, "wifi, hiyo nisimulie nikishajifungua". Sio kukosa adabu.

Sasa ikifika wiki mbili unalia ovyo, hamu ya kula au kuongea na watu imekata, hata nguo za mtoto hutaki kuziona, usingoje tarehe ya kliniki. Na ukipata wazo la kujidhuru, au nyumbani unapigwa, mwambie mtu unayemwamini na uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama kuna dawa za akili ulishaandikiwa zamani usiziache mwenyewe bila kuongea na daktari.

Kumwambia nesi najua ni kazi, foleni ndefu na yeye kachoka, kwahiyo nenda na maneno yako tayari: "Nesi, naomba tuongee pembeni. Silali, nalia, na nimeanza kuogopa." Mi niliyasema hayohayo, sauti inatetemeka. Akafunga kadi, akavuta kiti akakaa karibu yangu, akaniuliza imeanza lini.