Ukitoka kwenye riwaya ya jela, isome hukumu hivi

Aliyetoka kumaliza riwaya ya jela akafungua hukumu ya mahakama papo hapo, mara nyingi hukwama kurasa za mwanzo. Anamtafuta mhusika wa kumfuata, hamwoni. Dawa yake huandaliwa mapema, riwaya ikiwa bado mkononi.

Chukua karatasi, ichore safu tatu. Ya kwanza andika mambo ya selo: nafasi ya kulala, choo, maji, daktari, saa za kutoka nje, nani anatoa ruhusa. Ya pili jaza yale riwaya inayosema, kwa ufupi na namba ya ukurasa: "watu tisa, ndoo moja, uk. 84". Usiandike "inasikitisha", neno hilo halitakusaidia baadaye. Ya tatu iache wazi; utaijaza kwa yale hukumu inayosema.

Hukumu nzuri ya kuanzia ni Brown v. Plata, iliyotolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 23 Mei 2011 kuhusu magereza ya California. Kurasa za mwanzo kabisa ni muhtasari wa ofisa wa mahakama. Usome upate mwelekeo, lakini usiunukuu, maana si maneno ya majaji. Kisha ruka hadi kwenye picha zilizoambatishwa kwenye hukumu ya walio wengi, iliyoandikwa na Jaji Anthony Kennedy. Tazama picha ya gereza la Mule Creek: vitanda vya ghorofa vimejaa ukumbi mzima. Itazame polepole ndipo urudi mwanzo.

Kwa kila jambo unaloandika safu ya tatu, weka pia nani kalisema. Hapa ndipo wasomaji wa riwaya huteleza, kwa kuwa wamezoea msimulizi mmoja. Kuna mfungwa aliyewekwa karibu saa 24 kwenye kizimba chenye ukubwa wa kibanda cha simu, amesimama kwenye dimbwi la mkojo wake, haitikii kitu. Hana jina. Aliyemwona ni mtaalamu wa magonjwa ya akili. Maofisa wa gereza walieleza kwamba hawakuwa na mahali pa kumweka. Aya hiyo isome mara mbili. Maelezo hayo ya maofisa ndiyo yanayounganisha ugonjwa na msongamano, na kesi nzima imesimama juu ya kiungo hicho.

Hukumu hii ilitokana na kesi mbili: Coleman ya mwaka 1990, ya wagonjwa wa akili, na Plata ya 2001, ya matibabu ya mwili. Amri za awali hazikutosha. Sheria ya Bunge la Marekani hairuhusu mahakama kuagiza wafungwa wapunguzwe mpaka jopo la majaji watatu liridhike kwamba msongamano ndiyo sababu kuu ya uvunjaji wa haki na kwamba hakuna nafuu nyingine. Ndiyo maana kurasa nyingi zinabishania sababu. Usiziruke.

Sasa namba inayopotosha wengi: asilimia 137.5, kikomo kilichowekwa na amri ya jopo hilo na kuungwa mkono na Mahakama ya Juu. Hiyo ni asilimia ya uwezo uliokusudiwa magereza yalipojengwa, wala si ya idadi ya wafungwa. Piga hesabu mwenyewe. Uwezo ulikuwa karibu 80,000. Zidisha kwa 1.375 upate 110,000. Waliokuwemo wakati wa kesi walikuwa kama 156,000, hivyo pengo ni 46,000. Hata amri ikitimizwa kikamilifu, magereza yangebaki yamejaa kupita kipimo. Na haikusema wote hao waachiwe: jimbo lingeweza kujenga, kuhamisha watu, au kuongeza punguzo la kifungo kwa tabia njema, ndani ya miaka 2. Anayeandika kwamba mahakama "iliwafungulia wafungwa 46,000" hakufika kwenye sehemu ya amri.

Kura zilikuwa 5 kwa 4, kwa hiyo wasome pia waliopinga. Jaji Samuel Alito anahofia usalama wa raia. Jaji Antonin Scalia anauliza swali gumu: watakaotoka wengi wao hawatakuwa wagonjwa, sasa wanaachiwa kwa kosa lipi walilotendewa? Kabla ya kuchagua upande, rudi kwenye karatasi yako, mstari wa daktari. Angalia aliyekosa matibabu alikosa kwa sababu gani, na nani mwingine alikuwa kwenye foleni ileile.