SOMO: Namna ya kuendesha baraza la siasa bila watu kukosana

Salaam ndugu zangu. Tangu wanasiasa waanze kujipanga kwa uchaguzi wa 2027, naulizwa swali lile lile kila wiki: "Nyinyi pale Likoni, Mombasa, mwaka 2022 mlikaaje watu wa Azimio, mrengo wa Raila, na wa Kenya Kwanza, mrengo wa Ruto, baraza moja na hamkupigana?" Nimechoka kulijibu vipandevipande. Leo naliandika lote. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Jambo hili nalishikilia kwa sababu Agosti 1997 nilikuwa darasa la tano. Kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa na watu wakaanza kuuawa, niliwaona majirani zetu wa bara wakikimbilia feri na magodoro kichwani. Mmoja wao tulikuwa tukikaa dawati moja. Hakurudi tena. Kura zilipigwa Desemba.

Hatua ya 1. Mahali: kwa muuza kahawa. Si ofisi ya chama, si nyumbani kwa mgombea.

Hatua ya 2. Saa mbili hadi saa tatu na nusu usiku. Muda ukiisha, mnaondoka.

Hatua ya 3. Kofia na fulana za chama zibaki nyumbani.

Hatua ya 4. Mwenye zamu ya kuongoza hubadilika kila kikao, leo wa mrengo huu, kesho wa ule. Siku ya zamu yake hatoi maoni.

Hatua ya 5. Zungumzeni cheo kimoja kwa kikao. Ukichanganya rais, gavana na mwakilishi wa wadi usiku mmoja, mtaishia kutukanana. Mkononi kuwe na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, lile linalogawa kazi za serikali ya taifa na za kaunti. Mgombea ugavana akiahidi kuongeza polisi au kujenga shule za upili, fungueni jedwali: hizo ni kazi za serikali ya taifa. Zahanati na chekechea ndizo zake. Nimeona wafuasi sugu wa mgombea wakimuuliza wao wenyewe, "Hii utaifanya kwa mamlaka gani?"

Hatua ya 6. Kabla ya kumjibu mwenzio, rudisha alichosema mpaka akubali kwamba ndicho alichokusudia. Mwanzoni inachosha. Endeleeni tu.

Hatua ya 7. Mtu asiitwe kwa kabila wala asikotoka. "Wabara waende kwao" ilikuwa kwenye orodha ya maneno ya chuki iliyotolewa na Tume ya Uwiano na Utangamano (NCIC) mwaka 2022. Kwetu sisi haikuhitaji orodha. Anayelitamka anaondoka usiku huo, hata akiwa ndugu yangu.

Hatua ya 8. Siku za matokeo. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni polepole.

Agosti 2022, siku ya pili baada ya kura, zamu ilikuwa yangu. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilikuwa inaweka mtandaoni picha za fomu 34A, fomu ya urais ya kila kituo, na vituo vilikuwa zaidi ya 46,000. Kila chombo cha habari kikawa kinajumlisha chenyewe. Nikasimama, nikaisoma kwa sauti jumla iliyokuwa kwenye runinga ya muuza kahawa, kama anayetangaza mshindi. Upande mmoja ukapiga makofi. Mzee mmoja wa upande wa pili, ambaye siku zote huniita mwanangu, akatoa simu yake akanionyesha: stesheni nyingine, saa ile ile, na mtu wake ndiye anayeongoza. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona umechagua kutusomea hiyo?" Sikuwa na jibu. Akaweka finjani chini, kahawa ikiwa nusu, akaenda zake. Hakukanyaga barazani miezi minne.

Kila stesheni ilikuwa ikichukua fomu kwa mpangilio wake. Ukianza na ngome za huyu, huyu ataongoza. Fomu zenyewe zilikuwa zile zile.

ONYO: Jumla yoyote ya urais isisomwe barazani kabla ya tume kutangaza. Someni fomu za vituo, moja moja, na mtaje kituo.

ONYO: Picha ya fomu isiyoonyesha jina la kituo na sahihi, iacheni. Kisheria kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Ukiletewa picha ya kituo kimoja chenye kura 900, hiyo si ya kujadiliwa.

ONYO: Ukweli unaouma upande wako usiufiche. Mwaka 2022 makamishna wanne kati ya saba wa IEBC walijitenga na matokeo, hilo lilitokea. Mahakama ya Juu iliuidhinisha ushindi wa Ruto tarehe 5 Septemba. Na hilo lilitokea. Mwaka 2017 mahakama hiyo hiyo ilifuta uchaguzi wa urais, 1 Septemba. Anayetaja moja na kumeza jingine, mwenye zamu amkumbushe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwana_Mtongwe: Somo zuri kaka. Je, mgombea akitaka kutulipia kahawa na kuweka bango lake dogo tu?

Jibu: Hatua ya 1 na ya 3.

Mwana_Mtongwe: Lakini ni dogo.

Jibu: Hapana.

Kijana wa Changamwe: Kwa hiyo unasema runinga zilidanganya? Sema ukweli, wewe ni wa upande gani?

Jibu: Nimeandika kwamba mpangilio wa fomu ulitofautiana. Soma tena hatua ya 8. Upande wangu wanaujua watu ninaokaa nao, na siku ya zamu yangu nanyamaza.

Binti Ukunda: Shikamoo kaka. Mimi nilipiga kura mara ya kwanza 2022. Kwa nini hapakuwa na duru ya pili na kura zilikaribiana vile? Halafu sisi wanawake hatukai kwa muuza kahawa usiku. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba dada yangu, asante kwa kuuliza. Kifungu cha 138 cha Katiba kinataka mawili: zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hiyo zinahitajika 24. Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, asilimia 50.49; Raila 6,942,930, asilimia 48.85. Angepungua chini ya nusu, mngerudi kituoni wote wawili wakiwa bado na nafasi. Hesabu hii ifanyeni kwa kalamu, pamoja, mtu wa kila upande akiandika.

Kuhusu wanawake, una haki, na baraza letu lina upungufu huo. Mke wangu na wenzake hutumia mkutano wa chama chao cha akiba Jumamosi alasiri: michango ikishahesabiwa, nusu saa ya cheo kimoja. Wao huanza na mwakilishi wa wadi, kwa sababu maji na taa za njiani ndiyo wanayoyaona kila siku. Nadhani wanaendesha vizuri kuliko sisi. Ukitaka, nitamwomba aandike somo lake.

Fundi Salim: Fomu ya kituo chetu tunaipata wapi tusipokuwa na intaneti?

Jibu: Hubandikwa mlangoni mwa kituo baada ya kuhesabu. Nendeni watu wawili wa mirengo miwili, mpige picha kwa simu zote mbili, karatasi nzima na pembe zake nne zionekane. Taa ya simu ishikwe kando. Ukiielekeza mbele karatasi inang'aa na tarakimu hazisomeki.

Mama Zuhura: Na yule mzee alirudije?

Jibu: Nilimwendea nyumbani Desemba na fomu ya kituo chetu. Nikamwomba msamaha, nikamwachia. Akaishika mbali, akaisogeza karibu, kisha akamwita mjukuu wake amsomee. Kumbe miezi yote ile tulikuwa tukipitisha karatasi barazani na nusu ya wazee hawazioni tarakimu. Siku hizi kwenye mkebe wa muuza kahawa kuna miwani mitatu ya kusomea, nilinunua sokoni. Na fomu tunaichapa kwa karatasi kubwa ya A3.