Jinsi ya kupima madai ya ute wa konokono kabla hujaupaka usoni

Siku hizi ute wa konokono unauzwa kama dawa ya kila kitu, chunusi, makovu, mikunjo, wengine mpaka kansa wanaitaja bila aibu, na kila tangazo halikosi "imethibitishwa kisayansi". Mi siupingi, una kazi yake. Ila ukikutana na dai lolote swali la kwanza uliza hivi: hizo seli zilizopona zilikuwa wapi?

Maana sehemu kubwa ya utafiti wake imefanyika kwenye visahani vya plastiki maabara. Wanakuza seli za ngozi ya binadamu mpaka zitandae chini ya kisahani kama mkeka, alafu wanachukua ncha ya pipeti (kibomba chembamba cha kunyonyea maji maabara) wanakwaruza mstari katikati, panabaki njia tupu. Kisahani kimoja kinatiwa ute uliochujwa, kingine hakitiwi, wakirudi kesho yake wanaangalia kwa darubini ni wapi seli zimetambaa haraka kuziba ile njia. Na hapo konokono hajadanganya, hasa yule wa kahawia wa bustanini anayeitwa Cornu aspersum, ambaye kwenye machapisho mengine utamkuta kama Helix aspersa au Cryptomphalus aspersa lakini ni huyohuyo. Mwaka 2008 watafiti wa Hispania walionyesha kwamba ute wake una uwezo wa kuzima radikali huru, yaani molekuli zinazoharibu seli, unazichochea fibroblasti zizaliane, yaani zile seli zinazotengeneza kolajeni (protini inayoshikilia ngozi ikaze), na unadhibiti vimeng'enya vinavyokatakata nyuzi za ngozi. Hayo ni ya kweli kabisa, kwenye kisahani.

Swali la pili ni dozi. Kuna kipimo kinaitwa MTT, seli hai zinageuza rangi ya njano kuwa zambarau, kwahiyo zambarau ikikolea ujue seli nyingi ziko hai, ikififia ujue zimeanza kufa. Ute kidogo unaweza kusaidia seli na ukizidisha ukaziumiza, ndo maana mtu akikwambia "kadiri unavyopaka mwingi ndo bora" mwache aendelee na safari yake. Hata majaribio ya seli za melanoma (aina ya kansa ya ngozi) kupungua baada ya kutiwa ute yasome kwa jicho hilohilo, vitu vingi sana vinaua seli za kansa kwenye kisahani, hata jiki inaua, na jiki sio tiba ya kunywa. Mwenye kansa asiache matibabu yake kwa ajili ya seramu.

La tatu ndo watu wengi wanalirukaga, je huo ute unafika kwenye seli? Kwenye kisahani seli ziko uchi, kwenye uso wako kuna tabaka la juu la seli zilizokufa ambalo kazi yake ni kuzuia vitu visipite. Kwa kawaida molekuli ikizidi dalton 500 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli) inapata tabu kupenya. Kati ya vilivyomo kwenye ute, alantoini ina kama 158 na asidi ya glikoliki 76, hizo ni ndogo kiasi cha kuweza kupita, lakini asidi ya hyaluroniki (hiyo wanayoisifia sana) na glikoprotini, yaani protini zilizoshikana na sukari, ni mibonge ya molekuli, inabaki juu. Kubaki juu sio hasara, inashika maji na ngozi inalainika na kung'aa, ila usiite hiyo "kutengeneza kolajeni".

Alafu uliza kama kuna watu waliojaribiwa. Wapo, kwa mfano utafiti mmoja wa 2013 uliwachukua watu 25 wenye uso ulioharibiwa na jua, upande mmoja wa uso wakapaka bidhaa yenye ute na upande wa pili bidhaa isiyo na ute, wiki 12, na mikunjo midogo ya pembeni ya macho ikapungua upande wa ute. Inatia moyo, lakini 25 ni wachache, na ni mikunjo midogo, sio uso mpya.

Sasa ukiamua kununua, kwenye lebo tafuta Snail Secretion Filtrate iwe juu juu kwenye orodha ya viambato. Usihadaike sana na asilimia 96 iliyoandikwa kwa maandishi makubwa, ute wenyewe karibu wote ni maji, kwahiyo hiyo namba haikwambii kuna alantoini kiasi gani ndani. Ukishafika nayo nyumbani paka tone moja ndani ya mkono karibu na kiwiko, subiri siku mbili. Kama una aleji ya vumbi la nyumbani au ya viumbe wa baharini kama kamba na kaa kuwa makini zaidi, maana protini za konokono na za wale wadudu wadogo sana wanaoishi kwenye vumbi zinafanana na mwili unaweza kuzichanganya. Ikiwa salama, nawa uso, paka ngozi ikiwa bado na unyevu, krimu yako juu yake, na mchana malizia na sanskrini (krimu ya kuzuia jua) kwasababu bila hiyo jua linabomoa kila unachojenga. Wiki nane mpaka 12 ndo muda wa haki wa kuhukumu, sio siku tatu alafu unalalamika.

Kidonda kibichi au cha moto usikipake seramu ya urembo, kuna majaribio ya ute kwenye vidonda vya moto, ila yalifanywa na madaktari kwa bidhaa iliyoandaliwa kwa kazi hiyo.

Na wale wa kuokota konokono wakamtembeza usoni, hapana jamani. Konokono wa porini, hasa yule mkubwa wa Afrika, anaweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya ambao ukiingia mdomoni unaweza kufika kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Ute wa kiwandani unachujwa na kusafishwa, huyo wa kwenye majani huenda kapita juu ya kinyesi cha panya. Ukimshika kwa sababu yoyote ile, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa mdomo au chakula.