SOMO: Kubadili ea klina na kusafisha sensa ya hewa mwenyewe bila kuiua

Habari wakuu. Kuna kitu kidogo kinawatoa watu hela bure. Gari inaanza kuwa nzito, unakanyaga haiitiki, sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inapanda na kushuka yenyewe, wese inakula kuliko zamani, af siku moja taa ya cheki enjini hiyo hapo, ukipima na mashine inakuja kodi (namba ya hitilafu) P0101, yaani sensa ya hewa inasoma ovyo, au P0171, yaani mafuta ni machache kuliko hewa, na jibu la kwanza unalopewa ni nunua sensa mpya. Tulia kwanza. Mara nyingi sensa imechafuka tu, na imechafuka sababu ea klina (chujio la hewa) imechoka au haijakaa vizuri kwenye boksi lake, kwaiyo ukifunga sensa mpya na ea klina ni ileile, hiyo mpya nayo inafuata njia.

Sensa yenyewe, wengi mnaijua kama MAF, inakaa kwenye bomba la hewa pale hewa inapotoka kwenye boksi la ea klina. Ndani ina waya mwembamba balaa unaopashwa moto na umeme. Hewa ikipita inaupooza, kompyuta ya gari inaangalia imetumia umeme kiasi gani kuurudishia joto, hapo ndo inajua hewa kiasi gani imeingia na inapiga hesabu ya mafuta, kama kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Sasa waya ukivaa koti la vumbi na oili haupoi inavyotakiwa, kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inabana mafuta, na gari inakosa nguvu hasa ukiwa unaikamua.

Vitu vya kuwa navyo: ea klina ya gari yako, bisibisi (zingine skrubu za sensa zina kichwa cha nyota, angalia kabla), kitambaa safi, na kopo la dawa ya kupuliza ya kusafishia sensa ya hewa. Kopo liwe limeandikwa MAF kabisa. Ya kabureta hapana, ya breki hapana, zile ni kali, zinaweza kula plastiki au kuacha utando kwenye waya.

Hatua ya 1. Zima gari, chomoa funguo, acha injini ipoe.

Hatua ya 2. Tunaanza na sensa ili ikauke wakati unahangaika na ea klina. Chomoa plagi yake kwa kubonyeza kilimi, usivute nyaya. Fungua skrubu, mara nyingi ni mbili, itoe taratibu kwa kunyoosha, af ziba lile tundu na kitambaa.

Hatua ya 3, na hapa ndo watu wanapoharibu. Puliza dawa kwenye waya na kile kidude kingine kidogo cha pembeni kinachopima joto la hewa, ukiwa mbali kidogo, kama mara 10 hadi 15, pande zote, uchafu udondoke wenyewe. Usiguse. Usifute, usipige mswaki, usipulize na kompresa. Mi sensa yangu ya kwanza niliiua hivihivi, niliona kijivumbi kimeng'ang'ania nikasema ngoja nikitoe na pamba ya masikio, waya ukaondoka na pamba. Ukimaliza ilaze mahali pasafi ijikaukie, dakika 15 hivi, usiiharakishe na moto.

Hatua ya 4. Fungua vibanio vya boksi, toa ea klina ya zamani huku unaangalia ilikaa upande gani. Kabla hujafuta chochote pitisha kidole ndani ya boksi upande ule hewa inapotokea kwenda kwenye injini. Kidole kikitoka na vumbi, ujue ea klina ilikuwa inapitisha pembeni, na hapo umeshapata mchawi wa sensa yako. Futa boksi lote, toa majani na wadudu, weka mpya, mpira wake wa ukingoni ukae kwenye mfereji wake pande zote, funga vibanio VYOTE. Kimoja tu kikilegea umefanya kazi bure.

Hatua ya 5. Rudisha sensa ikiwa kavu kabisa, kimshale kilichochorwa kwenye sensa kielekee injini, chomeka plagi mpaka usikie tik. Futa kodi na mashine, washa. Dakika za mwanzo sailensa inaweza kuyumba kidogo, iache ijipange.

MASWALI

Mkuu gari yangu nimetafuta hiyo sensa kwenye bomba lote sijaiona, imeibiwa?
Hahaha hapana. Kuna gari hazina kabisa, zinatumia sensa nyingine, MAP, ambayo inapima presha kwenye manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda). Wewe badili ea klina tu.

Ea klina ya zamani si naipuliza na kompresa inarudi mpya?
Karatasi inachanika vitundu usivyoviona. Badili kila kilomita 15,000 hadi 30,000, kwenye vumbi jingi wahi zaidi.

Vipi zile za kuosha na kupaka oili?
Ni nzuri ila watu wanazidisha oili, inavutwa mpaka kwenye waya. Paka kidogo, iache inyonye ndo ufunge.

Dizeli nayo inahusika?
Nyingi za kisasa zinayo. Ikichafuka utaona inakosa nguvu na pengine moshi. Usafi ni huohuo.

Kaka nimefuata kila hatua, baada ya siku mbili P0171 imerudi, ninunue mpya?
Bado dada. Kagua mpira wa hewa kati ya sensa na injini, ukunjue kwenye mikunjo, ukiwa na ufa hewa inaingia bila kuhesabiwa na sensa inasingiziwa. Ukiwa mzima, pima na mashine injini ikiwa ya moto na sailensa imetulia: gramu kwa sekunde huwa zinakaribiana na lita za injini, ya lita 2 isome kama 2 kwenda juu kidogo. Ikisoma chini sana, af ukichomoa plagi ya sensa gari inatembea vizuri kuliko ikiwa imechomekwa, hapo ndo ununue.

Nimemaliza mkuu, asante, ila imebaki skrubu moja hapa sijui ya wapi.
Usiwashe gari. Hiyo ni ya sensa, rudi ukafunge.